Vipimo Kwanza, Baiskeli Baadaye

Hotuba kwa wanachama wa klabu ya triathloni, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti, makocha wetu, wazazi mliowasindikiza vijana, na ninyi wapanda baiskeli wenzangu, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuikatisha Jumamosi yenu kwa ajili ya jambo hili.

Swali nililoletewa na kamati ni hili: mtu anayejiandaa kwa triathloni ya masafa marefu, yaani kuogelea, kupanda baiskeli na kukimbia mfululizo, anunue baiskeli gani? Nitalijibu, lakini sitaanzia dukani. Nitaanzia kwenye mwili wake, kwa sababu wengi wetu tunafanya kinyume. Tunaona fremu nzuri imeshushwa na mitumba kutoka Ulaya, bei yake inavutia, tunainunua, kisha tunaanza kuulazimisha mgongo uifuate. Miezi sita baadaye goti linauma, shingo imekakamaa, na mtu anaanza kuamini kwamba mchezo huu haukuumbwa kwa ajili yake. Mchezo hauna kosa. Ameketi vibaya.

Tukumbushane ukubwa wa kazi yenyewe. Masafa kamili ya Ironman, yale mashindano makubwa ya triathloni, ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni nzima ya kilomita 42.2. Nusu yake inaitwa 70.3, kwa sababu maili zake zote zikijumlishwa zinafika hapo: kilomita 1.9 majini, 90 kwa baiskeli na 21.1 kwa miguu. Hiyo nusu ndiyo wengi wenu mnaiendea Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, ilikoanza kufanyika mwaka 2022. Wachache mna hamu ya ile kamili, kule Gqeberha, Afrika Kusini, na najua kuna mmoja hapa ana picha ya Kona, Hawaii, yalikozoeleka mashindano ya dunia ya Ironman, kwenye simu yake.

Chukueni mtu anayekwenda kilomita 30 kwa saa. Kwenye ile kamili atakaa juu ya siti kwa saa 6. Akizungusha pedali mara 80 kwa dakika, kila goti litakunjwa na kunyooshwa mara 28,800. Kosa la milimita chache kwenye urefu wa siti, ambalo huwezi hata kulihisi ukienda sokoni na kurudi, hapo linarudiwa mara 28,800. Na akishuka hajamaliza. Anavaa viatu vya mbio na kuingia barabarani kwa miguu ileile, nyonga zilezile, mgongo uleule. Ndiyo maana ninasema mkao mzuri wa triathloni hupimwa kwa kilomita za kwanza za kukimbia, sio kwa kasi mnayoiona kwenye saa ya usukani.

Jambo la pili la kuelewa ni upepo. Katika mchezo wetu hakuna kujibanza nyuma ya mwenzako. Kanuni ya Ironman inamtaka mwanamichezo wa kawaida aache mita 12 kati yake na aliye mbele, kwa hiyo upepo wote unakupiga wewe. Kwenye barabara tambarare, kwa kasi hiyo ya kilomita 30, sehemu kubwa ya nguvu zako inaishia kuisukuma hewa, na kinachoizuia hewa hiyo zaidi ni mwili wako, kiasi cha robo tatu au kuzidi. Fremu, ringi na tairi zinagawana kinachobaki. Kwa hiyo anayetumia mamilioni kununua ringi za kaboni huku amekaa wima kama mlingoti amelipia ile sehemu ndogo na kuiacha ile kubwa.

Hapo ndipo hatari inapoanza, maana mtu akishaelewa habari ya upepo anataka kujikunja hadi kidevu kiguse tairi. Septemba 2025 wengi wenu mliangalia mashindano ya dunia ya baiskeli pale Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika. Mlimwona Mbelgiji Remco Evenepoel kwenye mbio za kushindana na saa, mgongo umelala kama meza, kichwa kimezama katikati ya mabega, na akashinda. Tangu siku ile nimeona vijana hapa wameshusha usukani hadi mwisho. Ndugu zangu, njia yake ilikuwa ya kilomita 40.6 na aliimaliza chini ya saa moja. Alipomaliza alishuka akakaa. Hakuna aliyemwambia sasa kimbia marathoni. Tena yule anapanda chini ya kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, ambazo kwa miaka mingi zilitaka, kwa kawaida, ncha ya siti iwe angalau sentimita (senti) 5 nyuma ya mstari wima unaopita kwenye ekseli ya krenki, ile mikono inayobeba pedali. Sisi wa triathloni isiyoruhusu kufuatana kwa karibu hatubanwi na kanuni hiyo, na uhuru huo ndio msingi wa yote nitakayosema sasa.

Dada yetu hapa mbele amekubali tumtumie kama mfano, namshukuru sana. Baiskeli yake ni ile ya kawaida ya barabarani, imefungwa kwenye mashine ya mazoezi. Hivi karibuni amefunga erobaa, zile fito mbili za mbele ambazo mtu anazilalia kwa viwiko. Siti hajaigusa. Dada, lala kwenye erobaa, endesha kawaida.

Sasa mtazameni goti la kulia linapofika juu. Linakaribia kugonga mbavu. Mnaona anavyolitupa nje kidogo kila likipanda? Hafanyi makusudi. Paja limekosa nafasi, linajitafutia njia. Tazameni na kiuno: kila baada ya mizunguko michache anajisogeza mbele, anakalia ncha ya siti, kisha anarudi nyuma. Mwili wake unajua unapotaka kukaa, na siti haipo hapo. Mgongo umejipinda kwenye kiuno. Sikilizeni pumzi, ni fupi fupi. Akijaribu kula ndizi katika hali hii, tumbo lililobanwa halitaipokea vizuri, na kwenye masafa marefu asiyeweza kula hafiki.

Tatizo ni pembe ya nyonga, ile nafasi iliyopo kati ya kifua na paja pedali inapokuwa juu kabisa. Baiskeli ya barabarani ina bomba la siti lenye mlalo wa nyuzi kama 73. Imetengenezwa kwa mtu anayeshika usukani kwa viganja. Ukimlaza kwenye viwiko bila kusogeza kitu kingine, umefunga ile pembe. Dawa yake ni kumzungusha mtu mzima kwenda mbele, nyonga, mgongo na mabega kwa pamoja, huku ekseli ya krenki ikiwa ndiyo kitovu. Kifua kinashuka kwenye upepo, lakini nafasi kati ya kifua na paja inabaki vilevile.

Fundi, tulegeze siti. Tunaisogeza mbele senti 3. Ikisogea mbele inakaribia pedali, kwa hiyo tunaipandisha pia: kila senti moja ya mbele, karibu milimita 3 za juu. Hapa ni karibu senti moja. Tuiletee na mito ya viwiko karibu, kisha tuipandishe kidogo kwa kuongeza vipete chini yake. Haya dada, panda tena.

Tazameni goti sasa. Linapanda na kushuka kwenye mstari mmoja. Kiuno kimetulia. Wala hajainama kupita alivyoinama mwanzo, mito imepanda. Huyu sasa anaweza kudumu.

Wazo hili lilitoka Marekani. Mwaka 1989 Dan Empfield, mwanzilishi wa kampuni ya Quintana Roo, alitoa baiskeli iliyoitwa Superform, yenye bomba la siti lililosimama wima kuliko za barabarani, iliyobuniwa mahsusi kwa mtu wa triathloni anayelalia erobaa. Mwaka huohuo Mmarekani Greg LeMond alifunga erobaa kwenye hatua ya mwisho ya Tour de France, akaanza siku akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, na akaishinda Tour nzima kwa sekunde 8. Dunia ikaacha kucheka zile fito. Kuhusu kukimbia, watafiti wa Uingereza Garside na Doran walichapisha mwaka 2000 jaribio la wanatriathloni waliopanda kwa mlalo wa nyuzi 73 na kisha wa nyuzi 81, halafu wakakimbia kilomita 10. Walikimbia haraka zaidi walipotoka kwenye nyuzi 81. Baiskeli nyingi za triathloni leo zinakuja na nyuzi kati ya 76 na 80 hivi.

Lakini niweke tahadhari. Fremu ya barabarani haikubali kusukumwa mbele bila kikomo. Uzito ukihamia gurudumu la mbele, baiskeli inakuwa na wasiwasi kwenye mteremko. Kwa mtu anayeanza, mwenye mgongo mgumu na baiskeli ya barabarani, mimi ningemshauri msimu wa kwanza aende bila erobaa kabisa. Akae vizuri, ashike usukani kwa chini, amalize kwa furaha. Hakuna aibu.

Sasa vipimo vyenyewe, na hapa nawaomba mtoe kalamu. Vifaa mnavyohitaji vinapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi: futi kamba, timazi na pima maji. Ongezeni kitabu kigumu na simu yenye kamera. Kupimwa kwa mashine za kisasa ni jambo jema kwa mwenye uwezo wa kusafiri na kulipia, ila sehemu kubwa ya kazi mnaweza kuifanya nyumbani.

Vua viatu, simama mgongo ukiwa ukutani, miguu imeachana kiasi cha shibiri. Pachika kitabu katikati ya mapaja, ukivute juu kwa nguvu kama vile umeikalia siti, na mwenzako aweke alama ukutani usawa wa ukingo wa juu wa kitabu. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Zidisha kwa 0.883. Huyu dada alipata senti 84. Kwa hesabu hiyo, toka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya siti ni senti 74.2. Kanuni hii LeMond aliipata kwa kocha wake Mfaransa, Cyrille Guimard, na bado ni mahali pazuri pa kuanzia. Nasema pa kuanzia. Haijui unene wa soli yako, wala urefu wa unyayo, wala ugumu wa misuli ya nyuma ya paja.

Kwa hiyo hakikisha kwa macho. Bandika vipande vya plasta sehemu tatu: kwenye ule mfupa unaochomoza pembeni ya nyonga, pembeni ya goti, na kwenye kifundo cha mguu. Endesha dakika kumi mwili upate joto, kisha mwenzako akuchukue video kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa nyonga, sio juu wala chini. Simamisha picha pedali ikiwa chini kabisa. Ukisimama tuli, goti linatakiwa libaki limekunjika nyuzi kati ya 25 na 35. Kwenye video ya mtu anayeendesha utaona nyuzi kadhaa zaidi ya hizo, ni kawaida, usikimbilie kupandisha siti. Piga na video ya nyuma. Nyonga zikiyumba kushoto na kulia kama mtu anayetafuta pedali kwa vidole, siti iko juu mno. Maumivu nayo yana lugha yake: yakiwa mbele ya goti, mara nyingi siti iko chini mno, yakiwa nyuma ya goti, mara nyingi iko juu mno.

Viwiko: mito ibebe mkono karibu na kiwiko, ili uzito uende kwenye mfupa na misuli ya mabega ipumzike. Kiwiko kikae chini ya bega au mbele yake kidogo. Ukiona unajivuta nyuma kwa mikono ili usiteleze, au shingo inachoka kabla ya miguu, mito iko chini mno au mbali mno. Ipandishe. Msiogope kupandisha. Mkao wa juu unaoukalia saa 5 unakupa muda mzuri kuliko mkao wa chini unaouvunja kila dakika tano kwa kuinuka kunyoosha mgongo, maana kila ukiinuka umeurudisha upepo wote kifuani.

Naomba mnivumilie niseme la siti yenyewe, ambalo watu wanaona haya kulisema. Ukilala kwenye erobaa, huikalii tena ile mifupa miwili ya makalio. Kiuno kimezunguka mbele na uzito umehamia sehemu laini. Hapo kuna mishipa ya fahamu na ya damu. Ganzi sehemu za siri, kwa mwanaume au mwanamke, sio jambo la kuzoea wala la kujikaza. Ni mwili unasema damu haipiti. Dada na mama zetu wameteseka zaidi kwa sababu kwa miaka siti nyingi zilitengenezwa zikimfikiria mwanaume. Leo zipo siti zenye pua iliyopasuliwa katikati au iliyokatwa fupi, zimebuniwa kwa ajili ya mkao huu. Kabla ya kununua nyingine, weka pima maji juu ya uliyonayo. Ikiwa pua imeinuka, umeshapata mchawi. Iweke sawa, au ishushe nyuzi moja au mbili. Ikiwa bado kuna ganzi, badilisha siti. Kati ya vitu vyote ninavyovitaja leo, hiki ndicho ningekikopea fedha.

Krenki nazitaja kwa kifupi. Fremu nyingi zinazokuja hapa zina krenki za milimita 172.5 au 175. Mtu mfupi anayelalia erobaa atafaidika na 165 au hata chini yake, kwa sababu goti halipandi juu sana na ile pembe ya nyonga inafunguka bila kuinua kifua. Wanaoogopa kupoteza nguvu watulie: Martin na Spirduso, mwaka 2001, walipima krenki za kuanzia milimita 120 hadi 220, na nguvu ya juu kabisa ilitofautiana kidogo tu, karibu asilimia 4, kati ya krenki iliyotoa nguvu nyingi zaidi na iliyotoa ndogo zaidi.

Basi turudi sokoni, sasa tukiwa na namba. Stika ya 54 au 56 kwenye fremu haikuambii mengi, kila kampuni inapima kwa namna yake. Pima vitu viwili. Kutoka katikati ya ekseli ya krenki kwenda juu, wima, hadi usawa wa mdomo wa juu wa bomba la mbele linaloshika usukani. Hiyo ndiyo staki. Kisha, kutoka mstari wa wima unaopita kwenye ekseli hiyohiyo, kwenda mbele kwa mlalo hadi kwenye mdomo huo. Hiyo ndiyo richi. Timazi inakupa wima, pima maji inakupa mlalo. Dakika tano mbele ya muuzaji. Ukijua mito yako inatakiwa iwe wapi, utajua kama fremu hii inaweza kuifikisha pale bila shingo ya usukani, kile kipande kinachounganisha usukani na fremu, ya urefu wa ajabu. Na chungulieni nguzo ya siti, ile inayoingia ndani ya fremu: ina alama ya mwisho wa kuipandisha. Siti yako ikihitaji kuvuka alama hiyo, fremu hiyo sio yako hata kama unapewa bure.

Kuna la barabara zetu pia. Kwenye baiskeli ya triathloni, breki ziko kwenye usukani wa pembeni, na ukiwa umelalia erobaa mkono hauko kwenye breki. Barabara ya Bagamoyo ina matuta, ina daladala zinazochomoka kituoni, ina bodaboda zinazokuja upande wako. Mkao wowote ambao hauwezi kutoka kwenye erobaa hadi kwenye breki kwa kufumba na kufumbua, bila baiskeli kuyumba, ni mkao mbaya hata kama kamera imeusifu. Fanyeni zoezi hilo kwenye eneo la wazi mpaka mikono iwe inakwenda yenyewe. Palipo na msongamano, msilale kabisa.

Mnaosafiri kwenda Rubavu mtaifungua baiskeli ili iingie kwenye boksi. Kabla ya kulegeza nati hata moja, andikeni daftarini: urefu wa siti kutoka ekseli, ncha ya siti iko wapi kutoka kwenye timazi, siti hadi mito, mito iko chini ya siti kwa senti ngapi. Zungusheni na solotepu kwenye nguzo ya siti pale inapoingia kwenye fremu. Na mabadiliko yote yawe yamekwisha wiki nyingi kabla ya safari, moja baada ya jingine, kila moja likifuatiwa na safari ndefu na mbio fupi za miguu palepale mnaposhuka.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nina ombi moja kwa kamati. Shida yetu kubwa hapa ni kwamba mtu hawezi kujaribu kabla ya kununua. Anaagiza shingo ya usukani ya milimita 80 kutoka nje, anasubiri, inafika, anagundua alihitaji 60. Naomba klabu iwe na sanduku la vifaa vya kuazimana: shingo za usukani za urefu mbalimbali, vipete vya kupandishia mito, siti mbili tatu zilizopasuliwa, na krenki fupi jozi moja. Kila mmoja wetu ana kitu stoo ambacho hakitumii. Nimekuja na shingo nne na siti moja, ziko kwenye mfuko pale mezani. Fundi wetu amekubali kulitunza sanduku na kuandika nani kachukua nini. Wenye cha kuongeza wamwone baada ya chai, na wanaotaka kupimwa leo waanze kubandika plasta, tutawachukua wawili wawili.